Boriti moja ya Bagamoyo ndani ya kompyuta: mwongozo kamili wa kukokotoa mnepo na mkazo

Ingia nyumba yoyote ya mawe katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kisha inua macho. Vyumba ni virefu na vyembamba. Waliojenga hawakukosa kiwanja. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti, na boriti ya mkoko iliyonyooka haizidi sana mita 2.5 hadi 3. Juu ya boriti kuna mawe ya matumbawe, juu ya mawe kuna kokoto na chokaa, tabaka juu ya tabaka mpaka unene wa sentimita 30 au zaidi. Dari nyingi za namna hii leo zinanepa, na mwenye nyumba anauliza swali moja tu: itaanguka?

Nitakuonyesha jinsi ya kulijibu swali hilo kwa modeli ya kompyuta, kwa boriti moja, kuanzia kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) mpaka picha ya rangi. Nimechagua boriti moja kwa makusudi. Vijana wengi wanaotoka vyuoni hukimbilia kuchora nyumba nzima, kompyuta inanguruma usiku kucha, na asubuhi wana picha nzuri wasiyoweza kuitetea. Ukiweza boriti moja kwa ukamilifu, hata daraja la mtoni ni kuongeza idadi tu.

Vifaa: laptopu ya kawaida yenye RAM ya GB 8, na programu tatu za bure. FreeCAD ni ya kuchora, Gmsh ni ya kukata mchoro vipande (vyote pamoja huitwa wavu), na CalculiX ni ya kukokotoa. Hiyo ya tatu iliandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig, wahandisi wa injini za ndege huko Ujerumani, kwa hiyo usiidharau kwa kuwa hailipiwi. Ongeza daftari na penseli. Daftari ndilo litakalotumika kwanza.

Hatua ya 1: Pima, na upime tena

Boriti si bomba la kiwandani. Upande wa shina ni mnene, upande wa ncha ni mwembamba, na mara nyingi si duara kamili. Pima kipenyo mahali patatu, kila mahali mara mbili kwa pande zinazokatana. Yangu ilikuwa milimita 126 upande mmoja na 114 upande wa pili, wastani 120.

Usiipime kwa macho. Ukakamavu wa mti wa duara unafuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Ukisema 120 kumbe ni 115, umekosea milimita 5 tu mkononi, lakini ukakamavu umepungua kwa karibu asilimia 16. Hakuna wavu wa kompyuta utakaokurudishia kosa hilo.

Vipimo vingine: uwazi kati ya ukuta na ukuta (mita 2.5), nafasi kutoka katikati ya boriti moja hadi katikati ya nyingine (mita 0.4), na unene wa dari (mita 0.3). Uzito wa chokaa na mawe usiuchukue kitabuni. Okota kipande kilichodondoka, kipime kwenye mizani ya duka, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki, kizamishe kwenye ndoo iliyojaa pomoni na upime maji yaliyomwagika. Mimi nilipata kilo 1,600 kwa mita ya ujazo.

Hatua ya 2: Uulize mti wenyewe

Kila modeli inadai moduli ya Young, yaani namba inayosema maada inakataa kunyooshwa kwa kiasi gani. Kwa chuma hakuna shida: megapaskali 200,000 hadi 210,000 popote duniani. Kwa mti, na hasa mkoko uliokaa darini miaka mingi, namba ya kitabuni ni ya mti wa mtu mwingine.

Tafuta boriti iliyotolewa wakati wa ukarabati. (Usikate mpya kwa ajili ya jaribio, mikoko inalindwa, na kuikata bila kibali ni kosa.) Ilaze juu ya matofali mawili yaliyoachana mita 2.5. Funga kamba katikati, ning'iniza ubao chini yake, na uweke mifuko ya saruji ya kilo 50 juu ya ubao. Ukiilaza mifuko juu ya boriti yenyewe mzigo unasambaa, na fomula nitakayokupa haitafaa. Vuta uzi kutoka tofali hadi tofali, pigilia rula ya chuma katikati ya boriti, na usome.

Mifuko miwili, soma. Mifuko minne, soma tena. Kama usomaji wa pili ni mara mbili ya wa kwanza, mti bado unafanya kazi kwa mstari mnyoofu na unaweza kuendelea. Kama umezidi, kuna ufa ndani au boriti inazama kwenye tofali. Soma upesi, maana mti ukibebeshwa huendelea kunepa polepole.

Kwa mifuko minne, yaani nyutoni 1,962, yangu ilishuka milimita 4.2. Fomula ya mzigo wa katikati inasema mnepo ni PL³ ukigawa kwa 48EI: P ni mzigo, L ni uwazi, E ni moduli ya Young, na I ni kipimo cha jinsi umbo la mkato wa boriti linavyokataa kupinda. I ya duara la milimita 120 ni karibu milimita⁴ milioni 10.18. Geuza fomula, na E inatoka karibu megapaskali 14,900. Nikaandika 15,000, kwa sababu rula yangu ina makosa ya nusu milimita, na asiyekubali hilo anajidanganya kwa tarakimu.

Hatua ya 3: Jua jibu kabla ya kuwasha kompyuta

Mzigo juu ya kila mita ya boriti ni huu. Dari: 0.3 × 0.4 × 1,600 × 9.81, sawa na nyutoni 1,884. Boriti yenyewe, kwa kukadiria kilo 900 kwa mita ya ujazo: nyutoni 100. Watu na vyombo, kwa kilonyutoni 1.5 kwa mita ya mraba: nyutoni 600. Jumla ni 2,584, au tuseme nyutoni 2.58 kwa kila milimita.

Kama ncha zimelala tu juu ya ukuta, mnepo wa katikati ni 5wL⁴ ukigawa kwa 384EI (w ni mzigo huo wa kila milimita), yaani milimita 8.6. Momenti ya kupinda ni wL² ukigawa kwa 8, na mkazo (nguvu ndani ya mti kwa kila milimita ya mraba) wa juu kabisa katikati unatoka megapaskali 11.9.

Sasa fikiri kinyume: ncha zimebanwa na ukuta barabara, hazigeuki hata kidogo. Mnepo unakuwa moja ya tano, milimita 1.7. Boriti halisi imezikwa ndani ya ukuta wa matumbawe na chokaa, haikubanwa kama nondo ndani ya zege wala haikuachwa huru. Jibu la kweli liko kati ya 1.7 na 8.6. Andika namba hizo mbili juu ya ukurasa kwa wino. Kompyuta ikikupa 0.9 au 14, kosa ni lako, wala usianze kutafuta maelezo ya kifalsafa.

Hatua ya 4: Elementi moja, kwa penseli

Njia tunayotumia inakata kitu kizima kuwa vipande vidogo, vinaitwa elementi, vinavyoshikana kwenye nukta, zinaitwa nodi. Mwanahisabati Courant aliandika wazo la karibu na hilo mwaka 1943. Wahandisi Turner, Clough, Martin na Topp wakalichapisha kwa ajili ya miundo ya ndege mwaka 1956. Na mwaka 1960 Clough akaipa njia hiyo jina linalotumika hadi leo: finite element method, kwa kifupi FEM. Historia inatosha. Tufanye kazi.

Boriti yetu inalingana kushoto na kulia, kwa hiyo chukua nusu tu: urefu a = milimita 1,250, elementi moja, nodi mbili. Kwenye ukuta boriti haishuki lakini inageuka. Uite mgeuko huo θ. Katikati inashuka lakini haigeuki; uite mshuko huo v. Mienendo mingine yote imeshazuiwa. Zinabaki hesabu mbili zenye visivyojulikana viwili:

(4EI/a)θ − (6EI/a²)v = wa²/12
−(6EI/a²)θ + (12EI/a³)v = wa/2

Weka namba: 12EI/a³ ni nyutoni 938 kwa milimita, 6EI/a² ni nyutoni 586,300, na mzigo wa nodi ya katikati ni nyutoni 1,612. Suluhisha kama ulivyofundishwa sekondari. θ ni radiani 0.011, na v ni milimita 8.6. Elementi moja imetoa jibu lile lile la fomula! Kila kitu ambacho CalculiX itafanya baadaye kwa nodi laki moja ni hiki hiki, ila daftari lake ni kubwa.

Kabla hujashangilia, kokotoa mkazo kutoka kwenye umbo la elementi hiyo. Utapata megapaskali 13.9 badala ya 11.9, kosa la asilimia 17. Mnepo sahihi kabisa, mkazo wa uongo. Sababu ni kwamba mnepo unasomwa moja kwa moja kwenye nodi, lakini mkazo unatokana na jinsi mstari unavyojikunja, na elementi moja haiwezi kujikunja kama mzigo uliosambaa unavyotaka. Kata nusu hiyo vipande viwili, kosa linashuka hadi asilimia 4.2. Vinne, asilimia 1. Kila ukikata urefu wa elementi nusu, kosa linabaki robo. Programu nyingi huongeza marekebisho ya mzigo kwa siri ili kuficha kasoro hii kwenye boriti, lakini kwenye modeli za vitu vizima hakuna wa kukuficha. Ndiyo maana mtu akiniambia "modeli yangu imekubaliana na mnepo uliopimwa", namuuliza: na mkazo je?

Hatua ya 5: Chora, taja maada, bana, bebesha

Sasa fungua FreeCAD. Chora koni iliyokatwa kichwa yenye kipenyo 126 upande mmoja na 114 upande mwingine. Urefu uwe milimita 2,500 za uwazi pamoja na sehemu inayoingia ukutani kila upande. Kwenye nyumba niliyopima, sehemu hiyo ilikuwa milimita 150. Hamia benchi ya FEM, yaani sehemu ya FreeCAD ya hesabu za elementi.

Vipimo vya kazi: milimita, nyutoni, megapaskali. Ukiandika faili la CalculiX kwa mkono, uzito wa ujazo lazima uwe tani kwa milimita ya ujazo, yaani 9 × 10⁻¹⁰ kwa mti wetu, na mvutano wa dunia 9,810. Mtu akiandika 900 mahali hapo, boriti yake inakuwa nzito mara trilioni moja kuliko ilivyo.

Maada. Kwa mara ya kwanza ichukulie kama chuma, yenye tabia moja pande zote, E 15,000. Ukishapata jibu linaloeleweka, rudi uifanye mti wa kweli: mkakamavu kwa urefu wa nyuzi, na laini mara kumi hadi ishirini kwa upana wake. CalculiX inapokea namba tisa kwa kazi hiyo chini ya neno ENGINEERING CONSTANTS, na lazima uielekeze nyuzi zinakwenda wapi. Tofauti kwenye mnepo wetu ni ndogo: kuteleza kwa nyuzi kunaongeza karibu milimita 0.2 tu. Kwenye ncha, mahali boriti inapokandamizwa na ukuta kutoka chini, tofauti ni kubwa, maana huko mti unabanwa upande wake mdhaifu.

Mzigo. Tenga ukanda mwembamba wa uso wa juu na uweke jumla ya nguvu, siyo shinikizo la kukisia. Uzito wa boriti yenyewe uachie mvutano wa dunia, lakini basi uutoe kwenye mzigo wa juu, usije ukauhesabu mara mbili.

Maegemeo ndiyo sehemu inayoharibu modeli nyingi kuliko zote. Anayeanza hubofya uso wote wa ncha na kuuzuia pande zote. Papo hapo amejenga boriti iliyobanwa, na mnepo wake ni wa karibu milimita 1.7, wenye faraja ya uongo. Fanya hivi: kwenye ukanda wa chini unaokalia ukuta, zuia kushuka tu. Upande mmoja ongeza kizuizi cha kuteleza kwa urefu. Upande wa pili uache uteleze. Mahali pamoja zuia kwenda kushoto na kulia ili boriti isibiringike. Ukizuia kuteleza pande zote mbili, boriti itapata ukakamavu ambao nyumba haina. Hata ukanda wa chini ukiwa mpana unazuia mgeuko kidogo, kwa hiyo usishangae mnepo ukitoka chini ya 8.6.

Hatua ya 6: Wavu

Gmsh itakupa piramidi zenye nyuso nne za pembetatu. Kuna aina mbili: zenye nodi 4 na zenye nodi 10. Usitumie za nodi 4 kwa kitu kinachopinda. Ndani ya kila moja mkazo ni mmoja tu, haziwezi kujikunja, na boriti inaonekana ngumu kuliko ilivyo. Chagua daraja la pili, nodi 10.

Anza na ukubwa wa milimita 40, kisha 20, kisha 10, na kila mara andika daftarini mnepo wa katikati na mkazo wa katikati upande wa chini. Mnepo utatulia mapema. Mkazo utachelewa, kama penseli ilivyokwisha kutuonya. Namba mbili zinazofuatana zikitofautiana chini ya asilimia 2, wavu unatosha. Kwenda milimita 5 baada ya hapo ni kuchemsha laptopu.

Ila kuna mahali ambapo mkazo hautatulia kamwe: ukingo mkali pale egemeo linapoanza. Kila ukikaza wavu, rangi nyekundu, alama ya mkazo mkubwa, inapanda. Huo si mkazo wa mti, ni hesabu inayogawanya kwa kitu kinachokaribia sifuri. Soma mkazo hatua chache kutoka ukingoni, au chonga ukingo uwe mviringo kama ulivyo ukutani kweli.

Hatua ya 7: Usiamini rangi

Kwanza jumlisha nguvu za maegemeo. Lazima ziwe karibu nyutoni 6,450, nusu yake kila upande, ukiacha tofauti ndogo ya ncha zilizo ukutani na unene usiolingana. Zisipokuwa hivyo, funga picha na urudi Hatua ya 5. Halafu tazama umbo lililonepa likiwa limekuzwa: je, linapinda kama boriti unayoijua? Ndipo usome namba.

Asubuhi ya tarehe 23 Agosti 1991, kule Gandsfjorden nchini Norway, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta na gesi la Sleipner A ulipasuka na kuzama ukiwa majaribioni. Kuta zake zilikuwa zimekokotolewa kwa njia hii hii. Wavu ulikuwa mbaya mahali kuta zilipokutana, na mkazo wa mkato (ule unaotaka kukikata kitu kama mkasi) ukaonekana mdogo kwa asilimia 47, hivyo nondo zikawekwa pungufu. Hesabu makini zaidi iliyofanywa baada ya ajali ilisema msingi ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulishindwa kwenye mita 65. Njia ilikuwa na uwezo wa kusema ukweli tangu mwanzo.

Hatua ya 8: Ongeza miaka

Kompyuta imekupa mnepo wa siku ya kwanza. Mti ukibebeshwa daima unaendelea kushuka, na unyevu wa pwani unaharakisha. Kanuni za Ulaya za ujenzi wa mbao, Eurocode 5, zinaongeza asilimia 80 ya mnepo wa mzigo wa kudumu kwa mti ulio kwenye unyevu wa wastani. Mzigo wetu wa kudumu unaleta milimita 6.6 kati ya zile 8.6, ongeza 5.3, jumla inakaribia 14. Kwa boriti ya mita 2.5 hilo linaonekana kwa macho, na ndilo mwenye nyumba analoliona akiogopa. Kunepa kwa kiasi hicho peke yake si dalili ya kuanguka.

Na mtu akija na wazo la kumwaga zege la sentimita 8 juu ili "kuimarisha", rudi Hatua ya 3 na ubadilishe mzigo tu. Zege ni kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Hesabu ya dakika tano itamnyamazisha.

Hatua ya 9: Ncha

Modeli yangu ya kwanza ya nyumba hiyo nilimwonyesha fundi mzee aliyekuwa akisimamia kazi. Nilifungua laptopu barazani, nikamsalimu, nikamweleza kijani na nyekundu. Alitazama kwa adabu, akauliza, "Mwanangu, umegonga?"

"Nigonge nini, mzee?"

Akapanda ngazi, akageuza nyundo, akagonga boriti kwa mpini kuanzia katikati kuelekea ukutani. Katikati ililia kama mti. Karibu na ukuta ililia kama debe tupu. Akachomeka bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Ndani ya modeli yangu, mahali pale palikuwa buluu, rangi ya mkazo mdogo.

Sasa ninaifanya hivi. Nakili modeli, na kwenye milimita 150 za mwisho punguza kipenyo hadi kile kilichobaki kizima. Kwa boriti ile kilikuwa milimita 60. Kokotoa tena, na utaona jambo la ajabu: mnepo wa katikati karibu haubadiliki, kwa sababu momenti ya kupinda kwenye ncha ni ndogo. Lakini nguvu ya mkato, nyutoni 3,225, bado inapita pale pale, na eneo limebaki robo. Mkazo wa mkato unaruka kutoka megapaskali 0.38 hadi 1.52, na ukandamizaji juu ya jiwe unapanda pamoja nao. Dari inayonepa katikati inaweza kuwa salama, na iliyonyooka ikawa imebaki kushikwa na kidole.

Kwa hiyo kabla ya kutoa ripoti, panda ngazi na bisibisi, choma kila ncha upande wa chini na ubavuni, andika kina kilichozama kwa milimita, na kila boriti ipewe kipenyo chake cha ncha ndani ya modeli. Katika chumba kile zilikuwa kumi na moja. Tatu tuliziegemeza kwa nguzo jioni ile ile.